Kokoto Yenye Gamba

Nyumba kubwa ikibomolewa Dar es Salaam, kabla vumbi halijatulia vijana wa vyuma chakavu wameshafika. Wanakuja na nyundo za kilo tano tano, mmoja anakaa kitako juu ya nguzo iliyolala, mwingine anasimama, na kwa zamu wanaigonga mpaka nondo zianze kuchungulia. Nguzo moja nene inaweza kuwala kutwa nzima. Nyundo inadunda, vipande vinaruka usoni, viganja vinaota malengelenge. Jioni nondo zinanyooshwa, zinapimwa kwenye mizani, zinauzwa. Zege lililowahenyesha tangu asubuhi linabaki palepale, likingoja tipa ije kulizoa likajaze korongo la mtu.

Sasa mwulize fundi aliyesimama kando kama zege hilo lingesagwa, likachekechwa, likawa kokoto za nguzo nyingine. Atacheka. Mhandisi hatacheka, ila atatoa hotuba fupi: zege la zamani limechoka, linanyonya maji, halina nguvu, viwango haviliruhusu, labda chini ya sakafu, labda barabara ya mtaa, lakini kwenye nguzo na slabu ni mwiko. Mwenye nyumba naye, akisikia tu neno "kifusi", ataanza kuhesabu nyufa hata msingi haujachimbwa.

Rai hiyo imeenea kutoka Kariakoo hadi Eastleigh, na inadumu kwa sababu sehemu yake ni kweli. Zege la zamani linanyonya maji, hilo halina ubishi. Mengine ni mazoea yaliyovaa koti la utaalamu.

Kwanza ijulikane kinachobishaniwa ni kitu gani. Chukua kokoto moja iliyotoka kwenye zege lililosagwa, uioshe, uitazame juani. Katikati kuna jiwe lilelile lililochimbwa miaka thelathini iliyopita. Jiwe hilo halijazeeka; lilikaa ardhini muda usiohesabika kwa miaka ya binadamu, na miaka thelathini ndani ya nguzo haikulipunguzia kitu. Kinacholitofautisha na mwenzake aliyetoka machimboni jana ni gamba la kijivu lililolishika ubavuni: saruji na mchanga vilivyoganda pamoja, vyenye vitundu na nyufa nyembamba kama unywele, nyingine zikiwa zimeletwa na mashine ya kusagia yenyewe.

Karibu ubaya wote unaosemwa juu ya kokoto hizi unakaa ndani ya gamba hilo. Gamba ni jepesi kuliko jiwe, basi kokoto nzima inakuwa nyepesi. Gamba lina vitundu, basi kokoto inakunywa maji. Na ndani ya zege jipya panakuwa na mishono miwili badala ya mmoja: ule wa zamani kati ya jiwe na gamba, na mpya kati ya gamba na saruji ya leo. Zege likielemewa, ufa hupenda kupita kwenye mishono.

Kiu hiyo inapimika kwa ndoo na mizani. Loweka kokoto siku nzima, zifute uso, zipime. Zikaushe kabisa, zipime tena. Kokoto za jiwe gumu kwa kawaida hunyonya kati ya nusu asilimia na asilimia 2 ya uzito wake. Zenye gamba hunyonya kati ya asilimia 3 na 10, kutegemea zege mama lilikuwaje na limesagwa vipi.

Hesabu inayofuata ndiyo kiini cha ugomvi wote, kwa hiyo ifanywe taratibu. Mita moja ya ujazo ya zege huchukua karibu kilo 1,000 za kokoto na lita 180 hivi za maji. Kokoto za kawaida zenye unyonyaji wa asilimia 1, zikiwa kavu kabisa, zitakunywa lita 10. Zenye gamba, tuseme za asilimia 6, zitakunywa hadi lita 60, na sehemu kubwa ya kiu hiyo huisha katika dakika chache za mwanzo. Tofauti ni lita 50, yaani ndoo mbili na nusu za lita ishirini. Zege lililotoka kwenye mashine likiwa laini linaanza kukaza hata toroli halijafika kwenye nguzo. Wamwagaji wanapiga kelele. Aliyeshika mpira wa maji anafanya anachofanya siku zote: anaongeza kwa macho, na macho hayo huwa na ukarimu. Siku ya ishirini na nane kyubu za majaribio za zege hilo zinapondwa maabara, majibu yanakuja mabaya, ripoti inaandikwa kwamba kokoto za kifusi hazifai. Mpira wa maji hautajwi.

Tangu mwaka 1918, Duff Abrams alipochapisha matokeo ya majaribio yake kule Chicago, inajulikana kwamba nguvu ya zege inatawaliwa zaidi na uwiano wa maji na saruji. Ukizidisha maji, utaharibu zege la kokoto bora kuliko zote duniani. Anayezilaumu kokoto zenye gamba kwa kosa la maji anamhukumu mwanakondoo kwa kesi ya fisi.

Na dawa ya kiu ni ipi? Kila fundi wa ukuta anaijua. Kabla ya kujenga hulimwagia tofali maji, kwa kuwa tofali kavu hufyonza maji ya mchanganyiko na kuuacha ukauke kama unga kabla haujashika. Hilo alifundishwa akiwa bado saidia fundi, pengine kwa kukaripiwa. Lakini mtu huyohuyo ukimwambia aloweshe kokoto tangu jana yake, azifunike, kisha azipime unyevu asubuhi kabla ya kupanga maji ya mchanganyiko, anaona unamletea mambo ya Ulaya. Na Pwani yote, kutoka Mombasa hadi Kunduchi, watu wamejenga kwa jiwe la matumbawe, jiwe lenye vitundu kama sifongo, na hakuna aliyelipigia mwiko.

Hapo mpinzani makini hubadili njia. Sawa, atasema, kwenye maabara ya profesa kila kitu kinawezekana; nani amejengea nyumba ya kweli?

Wajerumani, kwa mfano, tena wakiwa na njaa. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, miji yao ilikuwa milima ya vifusi, na sehemu kubwa ya vifusi hivyo haikuwa hata zege bali matofali ya kuchoma, ambayo ni dhaifu na yenye kiu kuliko zege. Waliyasaga. Mwaka 1951 wakatoa kiwango chao, DIN 4163, cha zege la matofali yaliyosagwa. Makadirio yanayotajwa mara kwa mara katika maandishi ya fani ni kwamba hadi mwisho wa 1955 zilikuwa zimezalishwa mita za ujazo milioni 11.5 za kokoto hizo na kujengwa makazi 175,000. Uchumi ulipotengemaa na vifusi vya vita vikazolewa, wakaziacha.

Mfano unaostahili kukaliwa zaidi ni wa Garston, kaskazini mwa London. Katika miaka ya 1995 na 1996 kituo cha utafiti wa majengo cha Uingereza, BRE, kilikuwa kinajijengea ofisi mpya. Wakati huohuo katikati ya London ghorofa la ofisi la sakafu 12, Suffolk House, lilikuwa linabomolewa. Zege lake likasagwa, likapelekwa kwenye kiwanda cha zege, na zaidi ya mita za ujazo 1,500 za zege lililotengenezwa kwa kokoto hizo zikaingia kwenye jengo jipya. Msingi ulipewa zege la daraja la nguvu la 25. Sakafu, nguzo na slabu za mbavu zilipewa la daraja la 35. Yaani sehemu zilezile ambazo mhandisi wetu anasema ni mwiko. Zege lililetwa na magari ya kawaida yenye pipa la kuzunguka na kumwagwa na wafanyakazi wa kawaida. Jambo la pekee lilikuwa kwamba kokoto zilitoka kwenye jengo moja linalojulikana, zikapimwa kabla ya kutumika, na maji yakahesabiwa. Yote matatu yako ndani ya uwezo wa kiwanda chochote cha zege cha Dar es Salaam au Nairobi.

Zürich ilifungua shule ya Im Birch mwaka 2004, jengo kubwa la umma lililotumia zege la kurejelezwa, na haikuishia hapo; upanuzi wa jumba lake la sanaa, Kunsthaus, uliofunguliwa 2021, nao umelitumia. Hong Kong tangu 2002 iliruhusu asilimia 20 ya kokoto za aina hiyo katika zege la daraja la 25 hadi 35. Atakayesema hizo ni nchi tajiri, zenye maabara kila kona, basi aitazame India, yenye mafundi wa karai na koleo kama wa kwetu: kiwango chake cha kokoto, IS 383 cha mwaka 2016, kinaruhusu hadi asilimia 20 katika zege lenye nondo lisilozidi daraja la 25.

Kuhusu "viwango haviruhusu" hakuna haja ya kupoteza wino mwingi. Kiwango cha Ulaya cha zege, EN 206, kiliweka mapendekezo ya kiasi cha kokoto hizi katika toleo la 2013, na Eurocode 2 iliyotolewa 2023 ina kiambatisho kizima kinachomweleza mhandisi jinsi ya kukokotoa boriti na slabu za zege la namna hii. Wahandisi wengi wa Afrika Mashariki wamesomea vitabu vya Uingereza na wanaelekea Eurocode. Anayesema kokoto hizi hazimo, tatizo lake ni toleo aliloliweka kabatini.

Wajapani ndio waliokwenda mbali kuliko wote, nao wanaishi juu ya ardhi inayotetemeka. Kiwango chao cha mwaka 2005, JIS A 5021, kinaitambua kokoto ya daraja la H: iwe na unyonyaji usiozidi asilimia 3 na uzito usiopungua mara 2.5 ya maji. Ikifika hapo inatumika kwa zege la kawaida la majengo. Daraja la M, la asilimia 5, linawekwa mahali pasipokauka sana, kama nguzo za ardhini na mihimili ya msingi. Daraja la L, la asilimia 7, ndilo la kujazia na zege la usawazisho. Utaona kwamba Wajapani hawakuuliza kama kifusi ni kitukufu au ni najisi. Waliuliza kinanyonya kiasi gani, wakakipangia kazi kulingana na jibu. Kwetu kifusi chote kinapewa daraja la L kwa kutazamwa tu, hata kile kilichotoka kwenye nguzo iliyowashinda vijana wa nyundo.

Kulifikia daraja la H kuna gharama yake, na hapa wapenzi wa teknolojia nao wanahitaji kuambiwa jambo. Njia moja maarufu ya Kijapani ni kuchoma zege lililosagwa kwa nyuzi joto 300 hivi, gamba likakauka na kulegea, kisha kokoto zikasuguana ndani ya pipa linalozunguka mpaka gamba libanduke. Kinachotoka ni jiwe safi, karibu na la asili. Kinachotoka pia ni rundo la unga uliokuwa gamba, ambao nao unatafuta pa kwenda, pamoja na ankara ya nishati. Zipo pia njia za kuloweka kokoto kwenye asidi ili gamba liyeyuke, lakini asidi hizo huacha kloridi au salfeti, wageni wasiotakiwa karibu na nondo. Kwa mji ambao kusaga kokoto za kawaida tu kunakatizwa na umeme, kuvua gamba kwa moto ni kiherehere.

Njia ya pili ni kuliacha gamba lilipo na kulitia nguvu. Hapo ndipo mambo yanapendeza. Ukizipitishia kokoto hizi hewa ya ukaa, hewa hiyo inakutana na chokaa iliyobaki ndani ya saruji ya zamani na kugeuka kalsiamu kaboneti, yaani jiwe la chokaa, ambalo linajaa kwenye vitundu na nyufa. Kokoto inakuwa nzito kidogo na kiu inapungua, huku ukaa ukifungiwa humo. Ufaransa imekuwa na mradi wa kitaifa wa utafiti wa jambo hilo, FastCarb, na kampuni ya Kiswisi ya neustark, iliyoanzishwa 2019, inaifanya kazi hiyo kibiashara kwenye yadi za kifusi. Njia nyingine ni kuzipaka kokoto uji mwepesi wa unga wenye silika, ambao hushikana na chokaa ya gamba na kuziba vitundu. Nchi zetu hazina upungufu wa unga wa namna hiyo: pozolana ya volkano tayari inasagwa ndani ya saruji tunayonunua, na pumba za mpunga zinachomwa ovyo kila msimu, ingawa majivu yake yanahitaji kuchomwa kwa joto linalodhibitiwa ndipo yafae.

Lakini maboresho yenye faida kubwa kwa gharama ndogo hayahitaji hewa wala unga. Yanahitaji kubadili zamu za kumimina. Mwaka 2005 Vivian Tam na wenzake walichapisha njia ya kuchanganya kwa awamu mbili. Kwa kawaida kila kitu huingia kwenye mashine kwa mkupuo: kokoto, mchanga, saruji, maji. Wao waliweka mchanga na kokoto kwanza, wakazungusha dakika moja. Wakatia nusu ya maji, wakazungusha dakika nyingine. Ndipo saruji ikafuata kwa nusu dakika, na nusu ya maji iliyobaki ikaja mwisho, mashine ikazunguka dakika mbili. Maji ya kwanza yanaituliza kiu ya gamba. Saruji inapoingia inakuta maji machache, inafanya rojo zito linalojipaka juu ya kokoto na kupenya kwenye nyufa za gamba, na ule mshono mpya unakuwa mnene. Mashine ni ileile na saruji haikuongezwa hata mfuko. Kilichoongezeka ni kama dakika mbili na mtu wa kuangalia saa.

Ukiyatazama maelezo hayo kwa jicho la fundi, ni kulowesha tofali tena, safari hii kwa mpangilio.

Ni haki sasa kuwapa wapinzani kilicho chao. Zege lililotengenezwa kwa kokoto zenye gamba tupu, bila kuchanganywa na za asili, hunepa zaidi likibebeshwa mzigo. Ukakamavu wake hupungua kwa asilimia 10 hadi 30 hivi hata pale nguvu ya mgandamizo imefikiwa. Husinyaa zaidi likikauka. Mbunifu wa slabu ndefu asiyelijua hilo atapata dari lililonepa na mteja aliyenuna. Ndiyo maana viwango vingi vinasimama kwenye asilimia 20 au 30 ya kokoto zote, kiasi ambacho mabadiliko yake huwa madogo. Rudi kwenye hesabu ya maji: ukibadilisha kilo 200 tu kati ya 1,000, kiu ya ziada inashuka kutoka lita 50 hadi lita 10, nusu ndoo. Mchanga unaotokana na kusaga zege la zamani ni habari nyingine. Una gamba kuliko jiwe, unakunywa bila kushiba, na afadhali ubaki kwenye kazi ndogo.

Uchafu pia ni hoja halali. Jipsamu ya dari ikiingia kwenye zege huleta salfeti, na salfeti huweza kulivimbisha na kulipasua. Udongo, mbao, vigae na glasi havina kazi humo. Na zege lililokaa miaka mingi likipigwa na upepo wa bahari, pale Upanga au Nyali, huenda limebeba chumvi itakayozila nondo mpya. Kifusi cha ufukweni kipimwe kloridi kwanza, na kikishindwa kiende kujaza korongo bila manung'uniko.

Kuna na upande wa pili unaostahili kupigwa kofi dogo. Siku hizi baadhi ya wauzaji wanaipamba kokoto ya kurejelezwa kama tiba ya tabianchi. Saruji ndiyo inayobeba lawama, ikitoa asilimia 7 hadi 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu duniani; kokoto zina sehemu ndogo sana. Mtu anayetumia kokoto zenye gamba kisha akaongeza mifuko miwili ya saruji "kwa usalama" ameichafua hewa kuliko aliyetumia jiwe jipya. Faida ya kokoto hizi iko kwingine: kwenye vilima visivyochimbwa, kwenye makorongo na kingo za mito zisizofukiwa, na barabarani.

Barabarani hasa. Kokoto nzuri za Dar es Salaam zinatoka Lugoba, ukipita Chalinze kuelekea Segera, safari ya zaidi ya kilomita 100 ya lori lililojaa, na kurudi tupu. Wakati lori hilo linaingia mjini na jiwe, jingine linatoka na kifusi chenye jiwe lilelile la Lugoba la mwaka mwingine. Madereva wanapishana njiani, Kibamba. Mwenye nyumba anawalipa wote wawili. Novemba 2017 Rais John Magufuli aliagiza sehemu ya jengo la TANESCO pale Ubungo ibomolewe kupisha barabara za juu. Agosti 2018 matingatinga ya Nairobi yaliangusha Ukay Centre kule Westlands na South End Mall karibu na Lang'ata kwa kujengwa kwenye kingo za mito. Hayo yalikuwa majengo makubwa yenye michoro, wahandisi na tarehe, yakiwa ndani ya miji yenye njaa ya zege.

Hata utafiti wa nyumbani upo. Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya majaribio ya matofali yaliyotengenezwa kwa kifusi cha Tanzania, kokoto zote zikiwa za kurejelezwa. Sehemu kubwa ya matofali hayo ilifikia nyutoni 7 kwa milimita ya mraba, kiwango cha chini kinachodaiwa kwa tofali la kubeba mzigo. Ni tofali, si nguzo, mpinzani atasema, na ni kweli. Ila ni tofali la kifusi kitupu.

Imebaki hoja moja, nzito kuliko zote, ambayo hutamkwa kwa sauti ya chini. Tarehe 29 Machi 2013 ghorofa la sakafu 16 lililokuwa linajengwa Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, lilianguka na kuua watu 36. Aprili 2016 lilianguka la Huruma, Nairobi. Novemba 2024 likaanguka la Kariakoo. Katika miji ambayo maji ya zege yanapimwa kwa macho, unataka kuleta kokoto yenye kiu?

Swali hilo halijibiwi kwa kebehi. Jibu lake la kwanza ni kwamba katika vilio na lawama zote zilizofuata misiba hiyo, kokoto za zege la zamani hazikutajwa. Hadithi za majengo kuanguka huzunguka kwenye mambo yaleyale: ghorofa zilizopandishwa bila kibali, nondo pungufu, saruji iliyobanwa, nguzo zilizoguswa na wasiojua, mkaguzi aliyetia saini akiwa nyumbani. Jiwe jipya la Lugoba au la Mlolongo halikumwokoa mtu. Mwiko wa kifusi umetupa imani ya bandia kwamba usalama umo ndani ya lori la kokoto, na imani hiyo inamfaa sana yule asiyetaka kupima chochote.

Jibu la pili ni kwamba hakuna mwenye akili anayependekeza kokoto hizi zianze kuuzwa kwa tripu mtaani. Zianzie kwenye viwanda vya zege, ambako unyevu wa kokoto unapaswa kupimwa kila asubuhi hata sasa, kwa kuwa mvua ikinyesha usiku kokoto za kawaida nazo hubadilika. Zianze kwa asilimia 20, kwa zege lisilozidi daraja la 30, kwenye majengo yaliyo mbali na upepo wa bahari. Zitoke kwenye vyanzo vinavyojulikana: jengo la umma lenye kumbukumbu, mihimili iliyokataliwa kwenye yadi za zege la kuunda, na zege linalorudi kiwandani ndani ya gari kwa sababu mteja alikosea vipimo. Mashine mbili za kusaga, taya kwanza kisha ya kugonga, hupunguza gamba bila moto. Sumaku itoe nondo zilizobaki. Kokoto zipitishwe kwenye bwawa la maji, na kuelea kwa mbao na plastiki kufanye kazi ya kuchambua. Halafu kyubu zipondwe, na majibu yabandikwe mahali pa kusomeka.

Kuhusu kyubu hizo kuna jambo la kuchekesha kidogo. Nyuma ya kila maabara ya zege, ya chuo au ya mkandarasi, kuna lundo. Ni kyubu za sentimita 15 zilizokwisha kupondwa, nyingi zikiwa bado zimeshikana pembeni kama mkate uliokatwa vibaya. Kila moja imeandikwa kwa rangi: tarehe iliyomwagwa, jina la mradi, namba ya nguzo au slabu. Ndani ya faili kuna nguvu yake, kwa nyutoni, hadi desimali. Ni zege la zamani linalojulikana kuliko jingine lolote nchini, safi, lisilo na jipsamu wala chumvi, na mhandisi anayesema kokoto za zege la zamani haziaminiki hupita kando yake kila asubuhi akielekea ofisini. Mara moja kwa miezi michache, lundo likianza kuziba njia, anapiga simu. Tipa inakuja, inalizoa, inalipeleka kujaza korongo.